Chuo Kidogo cha Fort Hare

Ndugu msomaji, kama darasa lenu lina ramani ya Afrika, iangalie. Weka kidole chako Tanzania. Teremka kusini. Pita Zambia, pita Zimbabwe, mpaka ufike Afrika ya Kusini. Endelea kuteremka mpaka karibu na bahari. Huko, katika sehemu iitwayo Rasi ya Mashariki, kuna mji mdogo unaoitwa Alice. Pembeni mwa mji huo pana chuo. Jina lake ni Fort Hare.

Neno "fort" ni la Kiingereza. Maana yake ni ngome. Zamani Waingereza walijenga ngome mahali hapo walipokuwa wakipigana na Waxhosa ili kuwanyang'anya nchi yao. Vita vilipokwisha, ngome ilibaki magofu. Baadaye mahali pale pale waliingia vijana wa Kiafrika wakiwa na vitabu.

Chuo kilifunguliwa mwezi wa Februari, mwaka 1916. Kilikuwa kidogo sana. Wanafunzi walikuwa 20 tu. Wengi wao walikuwa bado wanamalizia masomo ya sekondari. Majengo yalikuwa nyumba chache za zamani. Walimu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mkuu wa chuo, Alexander Kerr, aliyetoka Scotland. Wa pili alikuwa Mwafrika, Davidson Jabavu, aliyekuwa amesoma London. Bwana Jabavu alifundisha lugha, historia na mengine mengi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuyafundisha. Fedha za kuanzisha chuo zilitoka kwa wamisionari na serikali, lakini Waafrika wenyewe pia walichanga.

Labda utauliza, "Chuo cha wanafunzi 20 kina nini cha kutuhusu sisi?" Swali lako ni zuri. Soma kwanza habari za watu waliopita pale, kisha ujibu mwenyewe.

Mmoja wa watu wa kwanza kupata shahada Fort Hare aliitwa Z. K. Matthews. Shahada ni cheti anachopewa mtu aliyemaliza masomo ya chuo kikuu. Siku hizo Makaburu wengi walisema kwamba Mwafrika hana akili ya kufika huko. Matthews alifika. Baadaye alisoma sheria, akasoma Marekani na Uingereza, kisha akarudi kufundisha Fort Hare. Wanafunzi wengi utakaowasoma hapa chini walifundishwa naye. Tutamrudia Mwalimu Matthews kabla ya kumaliza.

Habari za chuo zilienea. Miaka ile ya 1930 na 1940, katika Afrika Mashariki hapakuwa na chuo kilichotoa shahada. Kijana wa Kenya au Uganda aliyetaka kusoma zaidi, ilimbidi asafiri mbali. Baadhi yao walikwenda Fort Hare. Eliud Mathu wa Kenya alisoma huko. Mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Charles Njonjo naye alisoma huko, na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 akawa Mwanasheria Mkuu wa nchi. Kutoka Uganda alikwenda Yusuf Lule. Huyu baadaye alikuwa mkuu wa Chuo cha Makerere. Mwezi wa Machi 1979, Waganda waliokuwa wakimpinga Idi Amin walikutana mjini Moshi, hapa kwetu, wakamchagua Lule kuwa kiongozi wao. Mwezi uliofuata akawa Rais wa Uganda. Lakini hakudumu. Alitawala siku 68 tu, wenzake wakamwondoa.

Kutoka nchi inayoitwa sasa Botswana alikwenda Seretse Khama. Yeye ndiye aliyekuwa Rais wa kwanza wa Botswana tangu mwaka 1966 mpaka alipokufa mwaka 1980. Kutoka Lesotho alikwenda Ntsu Mokhehle, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo mwaka 1993.

Fikiri, ndugu msomaji. Vijana hawa walilala katika mabweni yale yale. Walikula katika ukumbi mmoja. Kabla ya kufika chuoni, kila mmoja alijua shida za kwao tu. Walipozungumza usiku waligundua kuwa shida za mwenzao zilifanana na zao: kodi, ardhi iliyochukuliwa, kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimika kutembea nacho. Mimi naona kwamba jambo hili liliwafundisha sawa na masomo ya darasani. Katika chuo kikubwa si rahisi watu wote kujuana. Pale walijuana.

Mmoja wa vijana hao anatugusa sana sisi Watanzania. Ni Herbert Chitepo, aliyetoka Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya sasa. Baada ya Fort Hare alikwenda London kusomea uwakili. Aliporudi kwao mwaka 1954 alikuwa wakili wa kwanza Mwafrika wa ngazi yake katika nchi ile. Mwaka 1962 alikuja Tanganyika. Nchi yetu ilikuwa changa, na wanasheria Waafrika walikuwa wachache mno. Chitepo akapewa kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kazi hiyo ni kuamua, kwa niaba ya serikali, nani ashtakiwe mahakamani na kwa kosa gani. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuishika kazi hiyo hapa nchini. Mwaka 1966 aliiacha, akaenda Zambia kuongoza vita vya ukombozi wa nchi yake. Tarehe 18 Machi 1975 bomu lililofichwa katika gari lake lilimwua mjini Lusaka. Zimbabwe ilipata uhuru miaka mitano baadaye.

Waziri Mkuu wa kwanza wa Zimbabwe huru, Robert Mugabe, naye alisoma Fort Hare. Alipata shahada huko. Alipoanza kuongoza mwaka 1980 alisifiwa sana kwa kuwajengea watu shule. Alikaa madarakani miaka 37, na mwaka 2017 jeshi na chama chake mwenyewe walimwondoa. Wakati huo watu wake wengi walikuwa wamechoka na njaa na kuonewa. Nalitaja hili kwa sababu msomaji asije akadhani kuwa kila aliyepita chuo kizuri alitenda mema maisha yake yote.

Sasa tuje kwa Nelson Mandela. Nilipokuwa nasomea cheti changu cha elimu ya watu wazima, nilidhani watu kama yeye walisoma moja kwa moja bila kukatizwa. Sivyo. Mandela alifika Fort Hare mwaka 1939. Wakati huo chuo kilikuwa na wanafunzi wapatao 150. Mwaka 1940 wanafunzi walidai chakula bora, na wakadai baraza lao lipewe nguvu zaidi. Wengi wao waligoma kupiga kura. Wachache waliopiga kura walimchagua Mandela na wenzake watano. Wote sita wakajiuzulu. Uchaguzi ukarudiwa, yakatokea yale yale. Mara hii wenzake watano walikubali. Mandela akakataa peke yake.

Mkuu wa chuo alimwita. Akamwambia achague: ama aingie katika baraza, ama asirudi chuoni mwaka unaofuata. Mandela hakuingia katika baraza. Alirudi nyumbani bila shahada. Mlezi wake alikasirika, tena alikuwa amekwisha kumtafutia mchumba ambaye yeye hakumtaka. Mandela akatoroka kwenda Johannesburg. Huko alianza kazi ya ulinzi katika mgodi, halafu akapata kazi katika ofisi ya mawakili. Chumba alichopanga hakikuwa na umeme. Usiku aliwasha mshumaa, akasoma kwa njia ya posta. Masomo yalikuja kwa barua, naye alituma majibu kwa barua. Mwaka 1942 alimaliza masomo hayo. Mwaka uliofuata alirudi Fort Hare kupokea shahada yake.

Kila mwaka nakutana na wanakisomo wanaoniambia, "Mimi nilikatizwa shule zamani, basi tena." Ndiyo maana nimekaa kidogo kwenye habari hii ya mshumaa.

Mandela alikuwa na rafiki aliyejuana naye Fort Hare. Jina lake Oliver Tambo. Tambo alikuwa mpole na mcha Mungu. Alipata shahada ya sayansi mwaka 1941, akabaki chuoni kusomea ualimu. Mwaka 1942 wanafunzi waligombana na uongozi kwa sababu walikatazwa kucheza tenisi siku ya Jumapili. Uongozi ukataka kila mwanafunzi atie sahihi karatasi ya ahadi. Tambo aliona kuwa ahadi ile haipatani na dhamiri yake. Hakutia sahihi. Akafukuzwa.

Mwaka 1952 marafiki hawa wawili walifungua ofisi ya uwakili Johannesburg. Kila asubuhi watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Wengine walikuwa wamefukuzwa katika mashamba, wengine wamekamatwa kwa kukosa kitambulisho. Mwaka 1960 serikali ya Makaburu ilikipiga marufuku chama chao cha ANC. Tambo aliondoka nchini kuiongoza kazi ya ANC kutoka nje. Alikaa nje miaka 30. Mwaka 1969 aliongoza mkutano mkubwa wa ANC mjini Morogoro. Wazee wa Morogoro wanawakumbuka wageni wale.

Mandela alikamatwa mwaka 1962. Mwaka 1964 alihukumiwa kifungo cha maisha yeye na wenzake, akiwamo mwanafunzi mwingine wa zamani wa Fort Hare, Govan Mbeki. Walipelekwa gerezani katika Kisiwa cha Robben. Mchana walichimba chokaa. Katika gereza lile walikuwamo wafungwa wasiojua kusoma wala kuandika. Wale waliosoma wakawafundisha wenzao. Mzee Mbeki alikuwa mwalimu wa kazi, na gerezani aliendelea kuwa mwalimu. Wengi walioingia kisiwani hawajui hata herufi moja, walitoka wakiandika barua zao wenyewe.

Katika kisiwa hicho hicho, lakini katika nyumba ya peke yake, alifungwa Robert Sobukwe. Mwaka 1949 alikuwa kiongozi wa wanafunzi Fort Hare. Mwaka 1960 aliwaongoza watu kuvikataa vitambulisho. Siku hiyo, tarehe 21 Machi, polisi waliua watu 69 huko Sharpeville. Sobukwe alihukumiwa miaka mitatu. Ilipokwisha, serikali ilitunga sheria ya kumweka ndani zaidi. Akakaa miaka sita mingine, akikatazwa kuzungumza na wafungwa wengine. Yeye pia alisoma kwa posta. Alikufa mwaka 1978 bila kuona uhuru.

Serikali ya Makaburu iliona kwamba chuo hiki kidogo kinatoa watu wasiotishika. Mwaka 1959 ilitunga sheria ya kukichukua. Wanafunzi kutoka makabila na nchi nyingine wakafungiwa mlango. Chuo kikatengwa kwa Waxhosa. Walimu kadhaa wakaondolewa. Mwalimu Matthews alikuwa karibu kustaafu. Kama angenyamaza angepata pensheni yake. Badala yake alijiuzulu, akaikosa. Baadaye Botswana ilimpa kazi ya ubalozi, akafa Marekani mwaka 1968 akiwa katika kazi hiyo.

Mandela alitoka gerezani mwezi wa Februari 1990. Mwezi wa Desemba mwaka huo Tambo naye akarudi nyumbani. Alikuwa mzee, na ugonjwa wa kiharusi ulikuwa umemdhoofisha. Mwaka 1991 Fort Hare ilimwita. Chuo kilichomfukuza mwaka 1942 kwa kukataa kutia sahihi kikampa cheo cha Chansela, yaani mkubwa wa heshima wa chuo, ambaye kwa mkono wake wanafunzi hutunukiwa shahada.