Ndege Iliyoshinda Jua, na Kadi ya Ami

Kadi yenyewe ni kuukuu, imegeuka rangi ya chai na pembe zake zimeliwa. Niliikuta ndani ya sanduku la marehemu bibi yangu, Mji wa Kale, Mombasa, sanduku ambalo kwa miaka mingi hakuna aliyelifungua. Mbele ina picha ya ndege nyeupe yenye mdomo mrefu kama wa korongo. Nyuma ina mistari mitatu ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hati ile niliitambua mara moja kuwa ni ya ami yangu. Basi nikaifunga ndani ya bahasha, nikampelekea Kawangware 56, Nairobi, anakokaa siku hizi kwa binti yake.

Kutoka katikati ya jiji hadi huko si mbali, yapata kilomita 10. Lakini matatu niliyoipanda ilichukua saa nzima na zaidi, mara inakwenda, mara imesimama, nami nimebanwa na gunia la viazi. Hapo nikapiga hesabu. Ndege ile ya kwenye kadi, iliyokuwa ikienda zaidi ya kilomita 2,100 kwa saa, ingalimaliza masafa hayo kwa sekunde 17 tu. Mombasa na Nairobi zingalikuwa dakika 12 au 13.

Msomaji mwenye umri wangu atakuwa amekwisha kuitambua. Ni Concorde, iliyoundwa kwa shirika la Uingereza na Ufaransa, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1969. Ilikwenda mara mbili ya mwendo wa sauti. Tarehe 21 Januari 1976 ilianza kuchukua abiria, siku moja kwa njia mbili: moja ilitoka Paris kwenda Rio de Janeiro kupitia Dakar, na ya pili ikatoka London kwenda Bahrain, kwa muda usiotimia saa 4.

Wakati huo vijana wengi wa pwani yetu walikuwa wametoka kwenda Ghuba kutafuta riziki. Ami alikuwa mmoja wao, mpakuzi wa mizigo katika kiwanja cha ndege cha Bahrain.

Nilimkuta ameketi kibarazani, tasbihi mkononi. Kabla sijampa kadi nilimwomba anihadithie. Alisema ilikuwa ikisikika kabla ya kuonekana, na mngurumo wake ulimwingia mtu kifuani. Ikikaribia kutua iliinamisha mdomo, ili marubani wapate kuiona njia. Kule juu, kiasi cha kilomita 18, ngozi yake ilipata moto kwa kasi hata ndege yenyewe ikarefuka kwa sentimita 15 na zaidi. Abiria wake walikuwa kama 100 tu, wakishuka mmoja mmoja wala nguo hazikuwakunjika. Mikoba yao aliibeba yeye. Ndani hakutia mguu hata siku moja.

Nikamuuliza juu ya lile lililotushangaza sisi watoto wa chuoni. Tulifundishwa kwamba jua kuchomoza magharibi ni katika alama za Kiyama. Nao abiria wa Concorde waliotoka London kwenda New York majira ya baridi, jua likisha kuzama, walikuwa wakiliona likipanda tena mbele yao, upande wa magharibi! Jua halikuwa limegeuka. Wao ndio waliolifukuza. Je, aliyekwisha kusali Magharibi kisha akaliona jua, afanyeje? Suala hilo nawaachia mashehe.

Hata kivuli cha kupatwa kwa jua ndege hiyo ilikiandama. Tarehe 30 Juni 1973, Concorde ya majaribio iliondoka Las Palmas na wataalamu ndani yake, ikakaa kivulini kwa dakika 74, kisha ikatua Fort-Lamy, nchini Chad. Aliyesimama ardhini hakupata hata dakika 8. Kivuli kikaendelea na njia yake, kikafika kaskazini ya Kenya, kwenye Ziwa Turkana. Ami alikuwa bado Mombasa, na anakumbuka jua lilivyoliwa kipande.

Ndipo nikamtolea kadi. Aliitazama picha, akaigeuza, akasoma polepole kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto. Aliandika hivi mwaka 1977: “Mama, hii ndiyo ndege niliyokwambia. Ukiniita, nitakuja kwa hii.”

Akanyamaza kitambo, kisha akanieleza nisilolijua. Bibi alifariki alfajiri, akazikwa baada ya Adhuhuri siku ile ile, kama ada yetu. Telegramu ilimfikia Ami siku ya tatu. Nauli aliikopa kwa wenzake, nafasi akaisubiri, akabadili ndege njiani, akaingia Mombasa siku ya tisa. Matanga yamekwisha kuondoka, mikeka imekwisha kukunjwa. Na kadi hii ilikuwa imetangulia kufika kwa siku mbili. Aliyeandikiwa hakuisoma.

Jioni ile aliyopata telegramu, Concorde ilikuwa uwanjani, na yeye ndiye aliyeipakia mizigo.

Watu husema Concorde iliuawa na ajali ya tarehe 25 Julai 2000 karibu na Paris, iliyoua watu 113. Kweli ajali iliijeruhi. Lakini ilikuwa ikila mafuta mengi na kuchukua watu wachache, na kishindo chake kiliifanya ikatazwe kwenda kasi juu ya nchi nyingi. Safari zake zilikoma mwaka 2003, na hadi leo hakuna abiria anayekata tiketi ya mwendo ule. Simlaumu aliyeiunda, kwani akili ile ni neema ya Mungu. Nasema tu kwamba haraka ile haikuwa ya wenye haraka.

Ami aliniomba nimwachie kadi. Nikashuka kibarazani Magharibi ikiadhiniwa, na ndani ya matatu, tukiwa tumesimama tena, nikaufunga ubeti huu:

Eropleni ya ajabu, anga ikiipasua,
Ikavuka Uarabu, ikalipita na jua,
Wa msiba na taabu, nani wa kumchukua?
Nauliza nipe jibu, msomaji unojua.