Unyoya, Samaki na Maji ya Moto: Filamu za Sayansi kwa Jamaa Nzima

Jioni inapoingia katika mtaa wa Jabe, jirani na Bwiza na Buyenzi, simu ya nyumbani hugombewa. Huyu ataka muziki, yule ataka mpira, na baba akiwa zamu au katika kambi ya mbali, mama hubaki kuwa mwamuzi. Leo ukurasa huu wapenda kumsaidia mama huyo. Zimo katika intaneti filamu fupi za sayansi zinazostarehesha kama mchezo wa kuigiza, nazo zikiisha humwachia mtoto jambo la kuuliza. Tumechagua tatu.

Ya kwanza ilipigwa mwezini. Tarehe 2 Agosti 1971, David Scott, kiongozi wa safari ya Apollo 15, alisimama mbele ya kamera akishika nyundo mkono mmoja na unyoya wa ndege mkono wa pili, akaviachia kwa pamoja. Vyote viwili vikatua wakati mmoja. Mtoto atastaajabu, kwani uani kwetu unyoya wa kuku hupeperuka na kuchelewa. Sababu ni hewa, ambayo hapa duniani huuzuia unyoya, na mwezini haipo. Filamu ikiisha, chukueni karatasi mbili zilizo sawa. Moja ikunjwekunjwe iwe kama tufe, nyingine iachwe wazi, kisha ziangusheni pamoja. Uzito ni ule ule, lakini iliyokunjwa hutangulia.

Ya pili yahusu ziwa letu la Tanganyika, ambalo kina chake chafikia mita 1,470 hivi. Sisi wakazi wa Bujumbura twalijua zaidi kwa mukeke na ndagala wa mezani. Kumbe wamo humo pia samaki wa jamii ya sikilidi, ambao jike huatamia mayai yake kinywani. Samaki mwingine mwenye madoadoa, wa jamii ya kambare, humvizia jike huyo anapotaga na kuyachanganya mayai yake humo humo. Jike huyabeba yote bila kujua. Watoto wa kambare huanguliwa mapema, wakawala watoto wa mwenyeji wao. Ni mgeni asiyejua fadhila!

Ya tatu yatoka kwa jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya aiskrimu katika friji yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Hakuchoka. Baadaye alimuuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye, badala ya kucheka, akalifanyia jaribio. Mwaka 1969 wakachapisha makala yao pamoja. Hata leo wataalamu wangali wakibishana: wengine wamepata jibu kama la Mpemba, wengine hawakulipata. Zipo filamu nyingi za majaribio hayo, na mwenye friji aweza kujipimia mwenyewe kwa vikombe viwili vya bati, mtu mzima akiyashika maji ya moto.

Hata hivyo, yatupasa kuonya. Si kila filamu iitwayo ya sayansi ni ya kweli. Nyingine zimekatwa na kuungwa ili kudanganya macho. Tena lipo la hatari. Jaribio lolote la moto, petroli, umeme au kuchanganya dawa za usafi litazamwe tu, lisiigwe nyumbani. Na kwa kuwa kifurushi cha intaneti ni fedha, filamu moja kwa jioni yatosha, mradi izungumzwe.

Nawe ndugu askari uliye mbali na jamaa yako, itazame filamu ile ile huko uliko, kisha umpigie mwanao simu umuulize ameona nini. Akikuuliza jambo usilolijua, usimnyamazishe wala usimcheke. Mwambie, "Sijui, mwanangu; tulijaribu pamoja nitakaporudi." Osborne hakulijua jibu alipoulizwa na Mpemba, lakini alikubali kujaribu.