Mabomba ya Kuzimia Moto na Mazingira

Katika dari za maghala na majengo marefu hupita mabomba yenye vinyunyizio, ambavyo kila kimoja hufunguka chenyewe pindi joto la moto linapokifikia. Manufaa yake hayana ubishi. Lakini bomba lenyewe limeigharimu nini dunia?

Lililo la kawaida ni la feleji. Kuyeyusha mtapo wa chuma kwa makaa ya mawe hutoa takriban tani 2 za hewa ya ukaa kwa kila tani 1 ya feleji. Hata hivyo feleji kuukuu huweza kuyeyushwa tena na tena katika tanuru ya umeme. Adui wake ni kutu: hewa iliyonaswa juu ya maji hulila bomba kutoka ndani, na kila maji yanapomwagwa na kujazwa upya, oksijeni mpya huingia. Ndiyo maana baadhi ya mafundi hujaza naitrojeni mahali pa hewa hiyo.

Plastiki iliyoongezwa klorini ni nyepesi, wala haishiki kutu. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, na asili yake ni gesi ya kloridi ya vinili, ambayo mwaka 1974 ilibainika kuwapa saratani ya ini wafanyakazi wa kiwanda kimoja mjini Louisville, Marekani. Bomba lililokamilika halina hatari hiyo. Likichomwa jalalani, hutoa moshi wa asidi na huweza kuzalisha dioksini. Palipo na wanunuzi wa vyuma chakavu na taka zichomwazo ovyo, mwandishi angechagua feleji.