Namba kwenye mpini wa daktari wa meno zina maana

Kwenye trei ya daktari wa meno vifaa vya chuma hufanana: vyembamba kama kalamu, vyenye ncha zilizopinda. Mtoto akiviona tu huanza kulia, na mzazi naye humshika mkono bila kujua vinatofautianaje. Tofauti imechongwa kwenye mpini, kwa namba.

Utaratibu wa namba hizo uliwekwa na Greene Vardiman Black, daktari wa meno wa Marekani aliyefariki mwaka 1915. Chukua kifaa cha kukatia kilichoandikwa 10-8-14. Kumi ni upana wa ubapa kwa sehemu za kumi za milimita, yaani milimita 1. Nane ni urefu wake kwa milimita. Kumi na nne ni pembe kati ya ubapa na mpini, duara likigawanywa sehemu 100 badala ya nyuzi 360. Hapo ni kama nyuzi 50. (Vifaa vingine hubeba namba ya kiwandani tu, isiyosema kipimo chochote.)

Shingo nayo haikupindwa kwa urembo. Ncha ikikaa mbali na mstari wa mpini, kifaa huzunguka vidoleni daktari anapokandamiza, jambo la hatari mdomoni mwa mtoto asiyetulia.

Vipimo hivi vina historia yake Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno nchini walianza kutibu meno yaliyotoboka kwa vifaa vya mkono pekee, bila umeme wala mashine ile inayovuma. Tundu hupanuliwa kidogo, uozo laini hukwanguliwa kwa vijiko vya takriban milimita 1, 1.5 na 2, kisha jino huzibwa kwa dawa inayotoa floraidi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono njia hiyo mwaka 1994.

Haimfai kila mtoto. Penye jipu la fizi, au uozo uliofika kwenye neva, kijiko hakitoshi. Lakini tundu likiwa dogo, mzazi ana haki ya kuuliza kama jino linaweza kuzibwa kwa njia hiyo kabla ya kukubali ling'olewe. Hasa gego la nyuma linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi: wengi hudhani ni la utoto, kumbe ni la kudumu, na likitoka halioti jingine.