NI DAMU YA UKOO GANI?

Ndugu msomaji, labda wewe pia umekaa penye kilio na kusikia watu wanaulizana: «Hii ugonjwa ilitoka upande gani, kwa papa ao kwa mama?» Hapa makambini ninasikia hivyo mara nyingi, zaidi kama marehemu alivimba shingo. Kiisha macho yote yanamwangalia mjane.

Limfoma ni kansere ya chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Inavimbisha matezi ya shingo, ya kwapa ao ya kinena. Mara nyingi haiumi, njo maana watu wanakawia.

Ni kweli, kuna kitu tunachorithi. Askari wale wanaitana vitani kwa kitu kinachoitwa TNF. Kuna watu waliozaliwa na jeni ya kutoa TNF nyingi, wengine kidogo. Mwaka 1998, waganga wa Lyon, Ufaransa, walitangaza kwamba wagonjwa wa limfoma waliorithi namna ya kutoa nyingi hawakuendelea vizuri kama wenzao. Ajabu, sivyo? Kelele nyingi vitani haikusaidia. Uchunguzi mwingine uliofuata haukupata jibu lile lile kila mahali.

Lakini angalia vizuri. Kurithi jeni ile si kurithi kansere. Watu wengi wanayo na wanazeeka bila limfoma. Tena kila mtu anapokea nusu kwa baba, nusu kwa mama. Mnajua hesabu ya AS na SS: nani alichagua damu yake? Basi mjane yule anashitakiwa kwa nini? Someni Ezekieli 18.

Kijana mmoja wa kwetu alizungushwa miezi mingi. Ukoo ulimpeleka kwa nganga. Na mimi, ninaungama, nilimweka majuma matatu katika chumba cha maombi, wala sikumwambia aende hospitali. Alipofika, munganga alisema tumechelewa. Hapo hatukulaumu jeni.

Kwa watoto kuna limfoma inayovimbisha taya, ile Denis Burkitt wa Kampala aliandika habari zake mwaka 1958. Inakua upesi sana, lakini dawa inaweza kuiponyesha kama mtoto anafika mapema. Mama, ukiona taya imevimba na meno yanalegea, usingoje mkutano wa ukoo. Na wewe kijana, tezi ikikaa zaidi ya mwezi bila kupunguka, uende ipimwe. Tutakuombea ukiwa njiani.