Ukitaka kumjua shakwe, tazama miguu

Gasorwe ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Hata hivyo, katika kambi ya wakimbizi ya hapa wapo watu wengi wa Kivu ya Kusini, na waliokulia ufukweni Uvira au Baraka hawahitaji kuelezwa shakwe ni ndege gani. Wamewaona wakizunguka mitumbwi alfajiri, wavuvi wakirudi na ndagala.

Wengi humhesabu shakwe kuwa ndege wa bahari tu. Sivyo. Ziwa Tanganyika lina aina mbili zinazojulikana zaidi, na mahali pazuri pa kuwatazama ni ufukwe wa Bujumbura na delta ya Rusizi, ardhi oevu iliyoingizwa katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2002.

Shakwe kichwa-kijivu ni mwenyeji wa Afrika. Miguu yake ni myekundu, mdomo pia. Jina lake huwapoteza watu, kwa sababu ile kofia ya kijivu hukolea msimu wa kuzaa tu. Msimu ukipita hufifia, kichwa kikabaki karibu cheupe, chenye doa hafifu nyuma ya jicho. Asiyejua hilo atakaa asubuhi nzima akitafuta kofia, na ndege mwenyewe amesimama mbele yake. Akiruka, tazama chini ya bawa: ni kijivu kilichokolea.

Shakwe mgongo-mweusi ni mgeni, tena mgeni wa mbali. Waliofungwa vifaa vya kufuatilia safari nchini Finland wamefika hadi Ziwa Viktoria. Huyu ni mkubwa zaidi, zaidi ya sentimita 50 toka mdomo hadi mkia. Miguu ni ya njano, na mdomo wa njano una doa jekundu upande wa chini. Lakini akiwa mchanga ana madoadoa ya kahawia, mdomo mweusi na miguu ya waridi iliyopauka, na humchukua miaka kama 4 kufanana na wazazi. Kwa huyo, pima umbo: kifua kipana, mdomo mnene.

Darubini husaidia, ila si lazima. Shakwe hawaogopi sana watu. Basi, wewe wa Gasorwe au Muyinga, ukishuka Bujumbura kati ya Oktoba na Aprili, pita ufukweni mapema, uandike tarehe, mahali, idadi na rangi ya miguu. Na kama jirani yako ni mtu wa ziwani, muulize kwanza yeye.