Wali Unaonukia Nazi, Bila Nazi

Vitunguu vya Mang'ola mnavijua. Mimi nimerudi na habari ya kibakuli cha wali ambao mkulima mmoja wa huko, mama wa makamo, aliuacha uvunguni mwa kitanda uoze kwa makusudi. Alipofunua kitambaa, punje zilikuwa zimefungamana kwa nyuzi nyeupe, juu yake umetanda unga wa kijani kibichi. Akanisogezea: hebu nusa. Nazi! Na wali wenyewe ulichemshwa kwa maji matupu.

Unga huo ni Trikoderma, kuvu anayoinunua kwa pakiti ili ipambane na kuvu nyingine, fusariamu, inayoozesha kitunguu kuanzia kitakoni. Majani hunyauka kuanzia ncha, mizizi hukatika ukiivuta, na vitunguu vingine huvunwa vizima halafu vikaozea ghalani. Vimelea vya fusariamu hukaa udongoni miaka kadhaa. Dalali naye, akikuta vichache vilivyooza kwenye lumbesa, bei imeshuka.

Mama anakataa kuiita dawa. Kwake huu ni mfugo, na mfugo hulishwa. Hamwagi unga kwenye jaruba kavu. Anauchanganya na samadi iliyoiva, ananyunyiza maji, anaufunika kivulini na kuugeuza mara kwa mara, wiki moja au mbili. Siku ya kupandikiza anachovya mizizi ya miche kwenye maji yenye unga huohuo. Dawa ya ukungu haigusi kipindi hicho, maana haichagui kuvu ya kuua. Na kilichokwisha kuoza, anasema, hakiponi.

Namna kuvu hii inavyoshambulia wenzake ilielezwa Marekani na Richard Weindling mwaka 1932: inajisokota kwenye nyuzi za adui, inamla. Huyeyusha hata kuta zake. Hata ile harufu ya nazi ni silaha. Kemikali inayoitoa hudumaza kuvu nyingine.

Wali sasa? Ndiyo maabara yake: anaunyunyizia unga wa pakiti aone kama utaota. Aliwahi kuuziwa pakiti iliyokuwa imeanikwa juani dirishani mwa duka, unga ukiwa umekufa, na msimu ule vitunguu vikaoza vilevile. Tangu hapo hapeleki shambani kitu ambacho hakijaota kwenye wali.

Nikamuuliza: na kama kijani hicho ni ukungu wa mkate tu? Akacheka, akagusa pua. Sidhani pua inatosha. Na kwa nini kazi ya kupima imwangukie mnunuzi?

Ukienda dukani, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, uliza pakiti ilihifadhiwa wapi. Ikiwa imekaa juani, waachie.